Kokani wa Blue Mesa: ukijua anakula nini, bwawa zima la mlimani linaeleweka

Kuna maswali mawili yanayomsumbua karibu kila mtu anayeanza kuvua Blue Mesa, lile bwawa kubwa la mlimani huku Colorado, Marekani. La kwanza, iweje boti mbili ziwe kwenye maji yale yale, saa zile zile, chambo kile kile, moja irudi na samaki wa kutosha familia mbili na nyingine irudi mikono mitupu. La pili, iweje jimbo litoe mpaka zawadi za pesa kwa watu wanaovua trauti wa ziwa wadogo (trauti wa ziwa ni samaki wa maji baridi anayekula samaki wenzake) na kuwaua, wakati huyo huyo trauti wa ziwa ndo samaki ambaye watu wanaendesha gari masaa na masaa kuja kumtafuta. Mimi naona maswali yote mawili yana mzizi mmoja, na mzizi wenyewe uko tumboni mwa samaki anaitwa kokani. Ukishajua anakula nini na chakula chake kinakaa wapi, basi kina cha kuvulia, mwendo wa boti, msimu, sheria na hata ugomvi wa wavuvi wenyewe kwa wenyewe, vyote vinaanza kueleweka. Waswahili tumekuwa wengi Denver na Aurora, na wengi wetu tumekulia kando ya maji, kwa hiyo naandika kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Tuanze na bwawa lenyewe. Blue Mesa iko kwenye mto Gunnison, magharibi ya mji wa Gunnison, kama mita 2,290 juu ya usawa wa bahari. Ukuta wake ulikamilika 1966 na unasimamiwa na Bureau of Reclamation, shirika la maji la serikali kuu. Likijaa lina urefu wa kilomita 32 hivi, na ndo bwawa kubwa kuliko yote yaliyo ndani ya Colorado peke yake. Limegawanyika sehemu tatu pana: Iola huku juu mto unapoingilia, Cebolla katikati, na Sapinero kule chini karibu na ukuta ambako kina kinakaribia mita 100. Majina hayo ni ya vijiji vya zamani vilivyofunikwa na maji.

Sasa ukiziba mto wa mlimani ukapata ziwa, unapata tatizo ambalo watu wengi hawalifikirii. Samaki wa mto wamezoea mto, yaani maji yanayotembea, mawe, kingo, wadudu wanaodondoka kutoka kwenye miti. Ukiwapa ziwa la kilomita 32 watakaa pembeni pembeni na mdomoni mwa mto, yale maji ya katikati yenye kina yanabaki matupu. Lakini matupu kwa samaki tu, maana humo katikati kunazaliana vijidudu vidogo vya majini kwa mabilioni, vinaelea, hakuna wa kuvila. Watu wa Kigoma hili mnalijua kwa upande mwingine, maana bwawa la Kariba lilipojengwa kule mpakani mwa Zambia na Zimbabwe tatizo lilikuwa hilo hilo, samaki wa Zambezi hawakuyatumia maji ya katikati, na mwaka 1967 na 1968 wakachukuliwa lumbu kutoka Ziwa Tanganyika wakamwagwa Kariba, na leo ndo kapenta anayelisha watu wa nchi zile. Kokani amepelekwa Blue Mesa kwa sababu ile ile kabisa.

Kokani ni samoni. Ni yule yule samoni mwekundu wa Pasifiki, sokai, ila huyu ukoo wake ulibaki kwenye maziwa bila kwenda baharini, maisha yake yote anaishi maji baridi yasiyo na chumvi. Asili yake ni upande wa Pasifiki ya kaskazini, British Columbia, Washington, Idaho, Alaska, na ng'ambo ya pili Japani na Urusi. Colorado hayupo kiasili hata kidogo, ameletwa na binadamu. Kwa kawaida anaishi miaka mitatu au minne, anakua akiwa mweupe wa fedha mwenye mgongo wa bluu, alafu mwaka wake wa mwisho anabadilika mwili mzima, anakuwa mwekundu, kichwa kinakuwa cha kijani, dume anaota kibiongo na taya linajikunja kama ndoano, anapanda mto, anataga, anakufa. Wote wanakufa, hakuna anayerudi ziwani kutaga mwaka mwingine. Hilo likae kichwani maana lina maana kubwa mbele huko.

Sasa chakula. Kokani anakula hasa dafnia, kijidudu cha jamii ya kamba, kidogo kiasi cha kichwa cha pini. Ukimfungua matamvua utaona vijiti vyembamba vingi vimepangana karibu karibu, hilo ndo chujio lake, anachuja vijidudu humo. Kwa hiyo samaki huyu hakai kwenye jiwe akivizia, hakai kwenye majani, hajali pwani iko wapi. Anatembea na kundi lake katikati ya maji akifuata dafnia. Mvuvi aliyezoea kutafuta samaki kwa kuangalia ukingo, gogo au mdomo wa kijito anapotea hapo, kwa sababu alama zote anazozijua hazimhusu kokani.

Alama pekee zinazomhusu ni mbili, joto na mwanga, na hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini cha yote. Maji ni mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za sentigredi. Majira ya joto yakifika jua linapasha maji ya juu, yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya maji baridi kama vitu viwili tofauti, na katikati yake kunakuwa na tabaka jembamba ambalo ukishuka mita chache tu joto linaporomoka ghafla. Juu ya hilo tabaka kuna mwanga na chakula lakini joto ni kubwa mno kwa samoni. Chini yake kuna baridi nzuri lakini giza na chakula kidogo. Kokani anapenda maji ya nyuzi 10 mpaka 13 hivi, kwa hiyo anabanwa kwenye mkanda mwembamba, anapanda kula anashuka kupoa. Mkanda wenyewe unaweza ukawa mita chache tu za unene kwenye ziwa lenye kina cha mita makumi. Zile boti mbili za mwanzo jibu lake liko hapa, moja ilikuwa inaburuta chambo ndani ya mkanda na nyingine ilikuwa mita tano juu yake au chini yake, na mita tano kwa kokani wa mwezi wa saba ni kama kijiji kingine.

Na mkanda hautulii. Mwezi wa tano barafu ikiwa imetoka juzi juzi tu, maji ya juu bado baridi, kokani wako karibu na uso wa maji, unaweza kuwapata mita tatu nne kutoka juu bila kifaa chochote cha maana. Mwezi wa sita wanaanza kushuka. Mwezi wa saba na wa nane wako chini huko mita 15, 20, na zaidi ya hapo, na kadri msimu unavyoenda wale waliokomaa wanaanza kujikusanya kuelekea upande wa mto. Alafu ndani ya siku moja pia kuna mzunguko, dafnia wanapanda juu giza likiingia na kushuka mwanga ukija, kokani anawafuata, ndo maana alfajiri wanakuwa juu zaidi na jua likishapanda lazima ushushe chambo. Wavuvi wa dagaa wanaokesha na taa hawahitaji kuambiwa kuhusu mwanga na vijidudu. Watu wengi wanavua asubuhi vizuri, saa nne inafika samaki wanakata, wanafunga safari wanasema samaki wamekataa kula, kumbe wameshuka tu.

Kwa hiyo vifaa vya kokani vyote, ukivitazama kwa makini, ni vifaa vya kuweka chambo kwenye kina unachokitaka na kukibakisha hapo. Daunriga ni kifaa cha kwanza, ni winchi ndogo pembeni ya boti yenye waya na chubwi kubwa la kilo kadhaa, mshipi wako unabanwa na kibanio kwenye ule waya, unashusha mpaka mita unayoitaka, samaki akila kibanio kinaachia na wewe unapambana na samaki peke yake bila ule uzito. Asiye na daunriga anaweza kutumia mshipi wenye kiini cha risasi, huo una rangi inayobadilika kila baada ya umbali fulani ili uhesabu umetoa kiasi gani, ila kina chake kinategemea mwendo wa boti kwa hiyo inabidi uzoee. Mashine ya sona ya kuonyesha samaki inasaidia sana, tena kwenye uvuvi huu mimi nasema inasaidia kuliko chambo cha bei, maana makundi yanaonekana wazi kabisa katikati ya maji na unasoma kina palepale.

Uvuvi wenyewe ni wa kurambaza, yaani kukokota mshipi nyuma ya boti taratibu, mwendo wa kilomita mbili mpaka tatu kwa saa, ni taratibu kuliko mtu anavyotembea. Mbele ya chambo inafungwa doja, bamba la chuma linalong'aa ambalo linayumba kushoto kulia, alafu nyuma yake futi moja au mbili hivi kinafuata kitu kidogo cha rangi, kipweza cha plastiki au spina, yaani kibamba kidogo kinachozunguka, yenye shanga. Hapa watu wanauliza, kama anakula vijidudu vidogo vya kuchuja, kwa nini ashike plastiki ya pinki? Jibu ambalo wavuvi na wataalamu wengi wanakubaliana ni kwamba mara nyingi hashiki kwa njaa, anashika kwa ukali na udadisi, lile bamba linalomulika linamvuta na kumchokoza, kile kidude kinachotikisika kikimpita karibu anakipiga. Ndo maana mwendo wa kubadilika badilika ni bora kuliko mwendo wa sawa, ukikata kona taratibu chambo cha upande wa ndani kinalegea na cha nje kinakimbia, na samaki wengi wanashika hapo hapo kwenye kona. Ukiona hivyo mara mbili upande ule ule usipuuze, umeshaambiwa mwendo wanaoutaka.

Kwenye ndoano wanaweka punje moja au mbili za mahindi meupe ya kopo, yale madogo membamba, yameloweshwa harufu ya kitunguu saumu, anisi au mafuta ya tuna. Mahindi hayo kazi yake kubwa ni kubeba harufu. Rangi pinki na chungwa ndo zinatajwa sana, lakini kumbuka nyekundu inapotea mapema kadri unavyoshuka kwenye maji, bluu na kijani ndo zinafika mbali, kwa hiyo kina kirefu watu wanahamia kijani au zile rangi zinazowaka kwa mwanga wa urujuanimno. Na mdomo wa kokani ni mlaini mno, ukimvuta kwa nguvu ndoano inachana na kutoka, kwa hiyo fimbo iwe laini inayopinda mpaka chini, breki ya rili ilegezwe, na nyavu ya mkono iwe tayari kabla samaki hajafika. Samaki wengi wa kokani wanapotelea hatua ya mwisho pembeni ya boti kwa sababu mtu anamnyanyua na mshipi.

Hapo tumemaliza swali la kwanza. La pili ndo zito zaidi, na ndo lililonifanya niandike.

Ukiwa na samaki wengi wanono wanaoelea katikati ya ziwa bila pa kujificha, umetengeneza chakula cha samaki mwingine. Trauti wa ziwa asili yake ni Kanada na kaskazini mwa Marekani, ni jitu la maji ya kina na baridi, akiwa mdogo anakula vitu vidogo ila akikua anageuka mla samaki, na anaishi miongo kadhaa. Pima hapo, kokani miaka mitatu minne na anakufa, trauti wa ziwa miongo kadhaa kila mwaka anakula. Alipandikizwa Blue Mesa zamani ili watu wapate samaki mkubwa wa kujivunia, na kweli wamempata. Mwezi wa tano 2023 alivuliwa pale trauti wa ziwa wa pauni 73 na ushee, kilo 33 hivi, na aliyemvua akamrudisha majini akiwa hai. Mwili mkubwa namna ile umejengwa na kokani kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo wale wanaosema tuwaue trauti wa ziwa wote na wale wanaosema tusiwaguse, wote wanategemea samaki yule yule mdogo wa fedha, kokani akiisha na yule mkubwa anakonda.

Kwa miaka mingi upandikizaji wa kokani ulikuwa unatoshana na ulaji wa trauti wa ziwa. Shida ilianza trauti wa ziwa walipoanza kuzaliana wenyewe vizuri ndani ya bwawa, idadi ikapanda na idara ya wanyamapori ya jimbo, Colorado Parks and Wildlife, ikaona kokani wanapungua mwaka hadi mwaka. Na hapa kuna hesabu ambayo inawachanganya watu wengi. Ukiambiwa kuna trauti wa kilo 20 unafikiri huyo ndo anayemaliza kokani. Mmoja mmoja ni kweli anakula sana, lakini wa kilo 20 ni wachache mno, wale wadogo na wa kati ndo wengi, na jumla ya matumbo yao ndo inayoumiza. Ndo maana idara imekuwa ikiwatoa wengine kwa nyavu, na mwaka 2020 ikaanzisha mashindano ya kuvua trauti wa ziwa wa chini ya inchi 24, unapeleka kichwa, unaingia kwenye zawadi. Wakubwa wanaachwa kwa wale wanaopenda kupambana na majitu. Mimi sera hii naiunga mkono kabisa, na naona mtu anayevua mdogo wa inchi 20 akamrudisha majini kwa huruma hajamsaidia mtu, si kokani wala yule mdogo mwenyewe ambaye atakuja kukosa chakula. Na ni mtamu, nyama yake ina mafuta, ukimchoma na ndimu na pilipili huachi.

Kuna jambo lingine linaonekana kama kinyume lakini linafuata hesabu hiyo hiyo. Kokani wakipungua, wanaobaki wanakuwa wakubwa. Dafnia ni wale wale, walaji wamepungua, kila mmoja anashiba. Kwa hiyo ukiona picha za kokani wakubwa kweli kweli usishangilie haraka kwamba bwawa liko vizuri. Rekodi ya kokani ya Colorado ilivunjwa Blue Mesa mwaka huo huo 2023, samaki wa zaidi ya pauni 7. Hata rekodi ya dunia ya Wallowa Lake kule Oregon ya 2010, samaki wa kilo 4.4 hivi, ni wa jamii ambao wengi wao kwa kawaida hata kilo moja hawafiki. Ukubwa unakuambia kuna chakula kingi kwa kila samaki, haukuambii samaki wako wangapi. Kinyume chake, ziwa lenye kokani wengi wembamba wa inchi 10 linaweza kuwa limejaa kupita kiasi, na hapo kuvua zaidi kunasaidia.

Wanaotaka kuona mambo yakiharibika yanafika wapi waangalie Flathead Lake, Montana. Kokani aliingizwa pale 1916, akastawi, na vuli wakati wa kutaga alikuwa anapanda McDonald Creek ndani ya mbuga ya Glacier kwa makumi ya maelfu, tai weupe kichwani wakawa wanakusanyika kuja kula, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walihesabiwa zaidi ya tai 600 pale na samaki zaidi ya 100,000. Sasa kati ya 1968 na 1975 wataalamu walikuwa wameweka uduvi wa misisi kwenye maziwa ya juu yake kwa nia nzuri kabisa, kuongeza chakula cha samaki. Walikuwa wameona Kootenay Lake ya British Columbia, misisi waliwekwa 1949 na kokani wakanenepa. Kilichokuja kueleweka baadaye ni kwamba Kootenay kuna sehemu ya kina kifupi ambapo mkondo unawarusha misisi juu na kokani wanawapata. Kwenye ziwa la kawaida misisi mchana anakaa chini kabisa gizani, kokani anayetegemea macho hamfikii, usiku misisi anapanda na kula dafnia wale wale wa kokani. Kwa hiyo umeleta mshindani ukidhani umeleta chakula. Na kule chini misisi anawalisha nani? Trauti wa ziwa wadogo, ambao zamani wengi walikuwa wanakosa cha kula wakiwa wachanga. Misisi walionekana Flathead 1981, miaka michache baadaye kokani wakaporomoka, na 1989 pale McDonald Creek walihesabiwa samaki 50 na tai 25. Kitu kidogo kama uduvi kimewaondoa tai. Colorado nayo iliweka misisi kwenye maziwa kadhaa yakiwemo Dillon na Granby.

Turudi Gunnison, maana bado hatujasema kokani wa Blue Mesa wanatoka wapi. Hawajitoshelezi kwa kuzaliana wenyewe, wanategemea kituo cha kutotolesha vifaranga cha Roaring Judy, kiko kwenye East River juu ya Almont, karibu kilomita 40 kwa njia ya mto kutoka bwawani. Kila vuli kokani waliokomaa wanapanda kutoka ziwani, wanapita Gunnison, wanaingia East River, wanaishia mlangoni mwa kituo kile kile walipototolewa, kwa sababu harufu ya maji yale imeandikwa vichwani mwao tangu wakiwa vifaranga. Pale wafanyakazi wanawakamua mayai na mbegu kwa mkono, kila jike kama mayai 1,000, yanarutubishwa, yanakaa kituoni majira ya baridi, na masika vifaranga kwa mamilioni wanaachiwa mtoni usiku ili wateremke gizani. Usiku kwa sababu trauti wa kahawia wa mtoni wanawasubiri. Mayai ya hapa pia ndo yanayopandikizwa mabwawa mengine ya Colorado, kwa hiyo Blue Mesa ikiyumba jimbo zima linayumba. Na kwa kuwa samaki wale wangekufa hata hivyo, baada ya kukamuliwa wanagawiwa bure kwa watu wenye leseni. Kumbuka tu kwamba kokani aliyeshakuwa mwekundu nyama yake imeshapoteza mafuta na rangi, inafaa zaidi kukaushwa kwa moshi kuliko kukaanga.

Alafu kuna maji yenyewe, na hapa mvuvi hana usemi. Blue Mesa ni sehemu ya mfumo wa kuhifadhi maji wa mto Colorado uliotokana na sheria ya 1956, kazi yake ya kwanza ni maji na umeme, samaki wanafuata. Mwaka 2021 ukame ulipoishusha Lake Powell, lile bwawa kubwa la chini zaidi kwenye mto Colorado, mpaka kukawa na hofu ya mitambo ya umeme kule, Bureau of Reclamation ikaamua kuachia maji ya ziada kutoka mabwawa ya juu, Blue Mesa ikatoa eka-futi 36,000, hiyo ni zaidi ya lita bilioni 44. Kina kikashuka katikati ya msimu, boti zikaondolewa mapema. Kwa samaki maana yake ni kwamba ziwa limekuwa dogo, kokani na trauti wa ziwa wamesogezwa karibu zaidi, na kule Iola ambako ni kina kifupi maji yanapata joto haraka na ule mwani wenye sumu unaweza kuota. Kwa hiyo kabla ya kufunga safari angalia kiwango cha maji, usiangalie hali ya hewa peke yake.

Samaki wengine nawataja haraka. Trauti reinbo wanapandikizwa pia, hao ndo wa kuvua na watoto ukiwa ukingoni, chambo chochote cha kawaida kinafaa, asubuhi na jioni. Trauti wa kahawia wako karibu na mawe na midomo ya vijito, wajanja, bora vuli. Majira ya baridi bwawa linaganda, Gunnison ni moja ya sehemu zenye baridi kali Marekani, watu wanatoboa barafu na kuvua wote hao, kokani wakiwemo, na kwenye barafu utawakuta kina chochote maana lile tabaka la joto halipo tena.

Kuhusu sheria, leseni ni lazima kuanzia miaka 16, idadi ya samaki kwa siku na vipindi ambavyo kokani unayemvua mtoni lazima umrudishe majini vinabadilika, soma kijitabu cha mwaka husika cha idara, usitegemee alichokuambia jirani. Boti yako itakaguliwa kabla ya kuingia majini kwa sababu ya kome vamizi, kwa hiyo fika ikiwa safi, imekauka, imetolewa maji yote. Na ukishafikisha idadi yako ya kokani acha kabisa kuvua kokani, kwa sababu yule aliyetolewa mita 20 kwenye baridi akapitishwa kwenye maji ya juu yenye joto, hata ukimwachia ana nafasi ndogo ya kupona. Mchana upepo unapanda na radi za milimani zinakuja haraka kuliko unavyofikiri, maji hata mwezi wa saba ni baridi ya kukulegeza mikono ndani ya dakika chache, kwa hiyo jaketi la kuokolea livaliwe mwilini, lisikae chini ya kiti.

Samaki akishaingia kwenye boti mkate matamvua hapo hapo atoe damu, mtupie kwenye barafu, usimwache juani hata robo saa, nyama yake ni laini na inaharibika upesi. Ukifika nyumbani usimpike muda mrefu. Sisi nyumbani tunampaka chumvi, tangawizi na ndimu, anapita kwenye moto wa juu dakika chache kila upande, alafu tui zito la nazi linamalizia, na wali pembeni.